Fundo la Waya wa Taa

Katika kumbi za semina za zama zetu, kuanzia ofisi za serikali hata mabenki na viwanda, kuna desturi zilizozoeleka mno hata hakuna aulizaye zimetoka wapi. Mkufunzi huwagawa watu katika makundi madogo, huwapa kisa cha mfanyakazi mtoro au mteja aliyeghadhibika wakijadili, huwainua wawili wakaigiza bosi na karani, humwita mmoja mbele ya hadhara atende jambo kwa mikono yake ilhali wenziwe wakimtazama, na jioni huwataka wote waseme wamepata faida gani. Wako washiriki wanaoziona shughuli hizi kuwa burudani ya kujaza muda uliopo kati ya chai na chakula cha mchana, na wako wakufunzi, jambo lisikitishalo zaidi, wanaozitumia kwa nia hiyo hiyo. Walakini kila moja ya shughuli hizo ina nasaba yake. Nyingi zilizaliwa katika dhiki ya vita, au mara baada ya vita, zikajaribiwa kwa watu ambao makosa yao karakanani yangeweza kuua, na zilizodumu zilidumu kwa kuwa nafuu yake ilionekana kwa macho. Tarikhi hiyo yastahili kujulikana na kila mtu ambaye riziki yake ni kufundisha watu wazima kazini.

Kwa karne nyingi takriban dunia nzima ilikuwa na njia moja ya kumtia mtu katika kazi, nayo ni kumkabidhi kwa fundi. Pwani yetu iliijua njia hii vizuri. Mwanagenzi wa useremala, wa ufuaji fedha au wa kuunda majahazi alianza kwa kufagia, kuchota maji na kushika ncha ya pili ya ubao. Macho yake yalisoma muda mrefu kabla mkono wake haujaruhusiwa kugusa kazi ya mteja. Na alipohitimu alimpa fundi wake kilemba, ada ya shukrani kwa elimu aliyoipata. Fadhila ya njia hii ilikuwa kubwa, kwa sababu elimu haikutengwa na kazi hata siku moja, na mwalimu hakuweza kumdhania mwanafunzi wake kuwa anajua hali hajui, maana kazi yenyewe iliyokuwa mikononi mwake ilitoa ushahidi. Upungufu wake ulikuwa mmoja: ilihitaji miaka mingi, na fundi mmoja hakuweza kuwalea wanagenzi zaidi ya wachache. Wakati wa amani upungufu huo haukumkera mtu, lakini vita vilipokuja ukawa msiba.

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu vya Kwanza mwaka 1917, ilijikuta haina meli za kutosha kuvusha askari, silaha na chakula mpaka Ulaya, na gudi zake za kuundia meli zilihitaji wafanyakazi takriban mara kumi ya wale waliokuwapo. Mtu aliyepewa jukumu la mafunzo hayo aliitwa Charles R. Allen, mwalimu wa elimu ya ufundi kutoka jimbo la Massachusetts. Allen alitambua jambo ambalo leo latajwa kwa wepesi, ingawa zamani hizo lilikuwa geni: ya kwamba kuijua kazi na kujua kuifundisha ni elimu mbili mbalimbali, na kwamba fundi hodari, akiachwa bila ya mwongozo, aghalabu ni mwalimu dhaifu, kwa kuwa mikono yake imezoea kazi hata ulimi wake umesahau sehemu zilizo ngumu kwa mgeni. Akaweka hatua nne: kumtayarisha mwanafunzi, kumwonyesha kazi, kumtaka aitende mwenyewe, na kumpima. Mwaka 1919 aliyaandika haya katika kitabu chake, The Instructor, the Man and the Job. Amani ikarudi, gudi nyingi zikafungwa, na hatua nne za Allen zikakaa rafuni zikingoja shida nyingine.

Shida hiyo haikukawia. Ufaransa ilipoanguka mikononi mwa Wajerumani mwezi wa Juni 1940, Marekani, ingawa haijaingia vitani, ilianza kuandaa viwanda vyake, na mwezi wa Agosti mwaka huohuo ikaundwa idara ya Mafunzo Ndani ya Viwanda, iliyojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, TWI. Waliiongoza wanaume wanne walioazimwa kutoka makampuni makubwa: Channing Dooley, Walter Dietz, Michael Kane na William Conover. Hawakuwa wanachuoni wa vyuo vikuu. Walikuwa watu wa viwandani waliokwisha kuona, katika vita vilivyotangulia, namna wageni wa kazi wanavyoharibu vifaa na kujeruhi vidole vyao. Mtihani wao wa kwanza ulikuwa lenzi. Jeshi lilihitaji wasuguaji wa lenzi 350 kwa ajili ya darubini na vifaa vya shabaha, na hawakupatikana popote, kwa sababu msuguaji kamili alifundishwa kwa miaka 5. Kane akaingia karakanani, akaichambua kazi ya bwana wa lenzi, akaona kuwa ni kazi 20 zilizofungwa pamoja, na kwamba 14 kati yake zaweza kupewa watu wa ujuzi mdogo. Zile zilizobaki, zilizo ngumu, ndizo alizotafutia namna bora ya kufundisha. Muda wa mafunzo ukashuka kutoka miaka hadi miezi. Ushindi huo ndio ulioirudisha njia ya Allen kutoka rafuni, na ndani yake Kane na wenzake wakatia zoezi ambalo kwa rai yangu ni mojawapo ya mazoezi bora yaliyopata kutungwa kwa ajili ya chumba cha mafunzo. Zoezi hilo lilikuwa la fundo.

Katika taa za umeme za siku hizo waya uliokwenda kwenye soketi ulikuwa wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Ndani ya kifuniko cha soketi fundi alifunga fundo la namna yake, lililoitwa kwa jina la watu wa bima ya moto, ili taa ikivutwa mkazo wote uangukie fundo, usiziguse skrubu ndogo zishikazo ncha za shaba. Kwani skrubu zikilegea hutoka cheche, na cheche huteketeza nyumba. Fundo lenyewe ni dogo, lakini haliingii akilini kwa kusikia. Hapo ndipo hekima ya kulichagua ilipolala: lilikuwa jambo la kweli, lenye sababu ya kweli, liwezalo kufundishwa kwa dakika chache, na takriban kila msimamizi aliyekuja darasani alikuwa halijui, hata awe bingwa wa kazi yake kwa miaka 30.

Mkufunzi alianza kwa kuuliza ni nani asiyejua kulifunga, akamwita mmoja mbele. Kisha akasimama akamweleza kwa maneno matupu, asishike waya wala asimwonyeshe kitu: fumua nyuzi kiasi cha inchi 6, uzi wa kulia uupinde uwe kitanzi kipitacho mbele ya shina la waya, uzi wa kushoto uuvute kuja kwako, uupitishe chini ya ncha ya ule wa kulia, uuzungushe nyuma ya shina, uutoe ndani ya kitanzi, usawazishe ncha, ukaze. Maelezo yalikuwa sahihi, hayakupungua neno. Akampa waya, akamwambia afunge. Msimamizi yule, mtu mwenye heshima zake kiwandani, alisimama na waya mkononi mbele ya wenziwe, akapinda huku na huku, akashindwa.

Mkufunzi akamwita wa pili. Huyu hakumweleza kitu. Alisimama mkabala naye, akalifunga fundo polepole kimya kimya, akampa waya na kumtaka afanye kama alivyoona. Naye akashindwa, kwa sababu alichokiona kilikuwa kinyume, kulia kwa mwalimu kukiwa kushoto kwake, na kwa sababu macho yanaweza kufuata mikono ya mtu bila ya kujua ni mwendo upi ulio na maana na upi usio na maana. Ndipo mkufunzi alipoligeukia darasa zima na kuuliza, bila ya kuchekesha wala kumdhalilisha mtu, kosa ni la nani. Wasimamizi wale walikuwa wamezoea, kila siku ya Mungu, kuwaeleza wafanyakazi wapya kwa maneno, au kuwaonyesha mara moja wakaenda zao, kisha kulalamika kwamba vijana wa siku hizi ni wazito wa kufahamu. Sasa waliwaona wenziwao wawili, watu wazima wenye akili, wakiwa katika nafasi ya kijana yule mzito. Kama ningeulizwa katika tarikhi yote ya mafunzo ya kazini ni dakika ipi ningependa kuishuhudia, ningeichagua hiyo.

Baada ya hapo aliitwa wa tatu, na mkufunzi akaifuata njia kamili. Alimkaribisha, akamwondolea haya kwa maneno mawili matatu, akamwuliza anajua nini juu ya waya wa taa, akamwambia fundo lile hulinda nini. Alimketisha kando yake, wala si mbele yake, ili mikono ya wote wawili ielekee upande mmoja. Alimwonyesha hatua moja moja. Akamwonyesha tena, safari hii akitaja katika kila hatua lile jambo moja ambalo likikosewa kazi yote huharibika. Kisha akampa waya, akamwacha afunge huku akimsahihisha papo hapo. Akamtaka afunge tena na kueleza kwa kinywa chake mwenyewe. Akamtaka tena, mpaka mkufunzi akayakinisha kwamba ameshika. Mwisho alimwambia atakuwa peke yake, akamtajia mtu wa kumwendea akikwama, na akamwahidi kuja kumtazama mara kwa mara mwanzoni, kisha kwa kadiri ya haja.

Hayo yote yalikuwa kazi ya siku ya kwanza tu. Mafunzo yalikuwa ya saa 10, yaliyogawanywa katika vikao 5 vya saa 2 kila kimoja, kwa kundi la watu wapatao 10. Na idadi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kubana matumizi. Kila mshiriki alilazimika kuleta kazi yake mwenyewe kutoka kiwandani kwake, aichambue katika karatasi yenye safu mbili, ya hatua na ya mambo ya kuangalia, kisha amfundishe mwenzake mbele ya kundi, nao wakamkosoa. Kwa watu 10 kila mmoja alipata zamu. Kwa watu 40 zamu hazingetosha, na wengi wangerudi makwao wakiwa watazamaji. Mkufunzi mwenyewe alifungwa na kitabu cha mwongozo kilichopanga karibu kila neno na kila dakika, asiongeze hadithi zake wala asipunguze mazoezi kwa ajili ya kuwahi kuondoka. Yaweza kuonekana kuwa utumwa, lakini ndiyo iliyowezesha watu waliofundishwa kuwafundisha wengine, na hao kuwafundisha wengine, bila ya maziwa kutiwa maji njiani. Kila aliyehitimu alipewa kadi ndogo ya kutia mfukoni, yenye hatua nne upande mmoja na matayarisho upande wa pili. Mafunzo mengine mawili yalifuata, moja la kuboresha namna ya kutenda kazi na moja la mahusiano ya msimamizi na watu wake. Hili la pili lilitumia visa vya wafanyakazi wenye matatizo, vikasomwa darasani kipande kwa kipande, ili wasimamizi waone jinsi walivyokata hukumu kabla ya kuzipata habari zote. Idara ilipofungwa mwaka 1945, ilikuwa imetoa hati 1,750,650 kwa wasimamizi wa viwanda zaidi ya 16,000.

Mkondo wa pili wa tarikhi hii ulianza mwaka mmoja baadaye, nao haukutoka katika kiwanda. Kurt Lewin, mwanasaikolojia wa Kiyahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1933, aliombwa na tume ya jimbo la Connecticut awafundishe watu namna ya kupambana na ubaguzi wa rangi na dini. Wakati wa kiangazi cha 1946 walikutana katika mji wa New Britain. Mchana washiriki walijadiliana na kuigiza visa, mtindo ambao tabibu Jacob Moreno alikwisha kuuanzisha tangu alipokuwa Vienna. Usiku Lewin na wasaidizi wake walikaa faraghani kuzungumzia waliyoyaona. Washiriki wachache wakaomba ruhusa ya kusikiliza, Lewin akawaruhusu, na mtazamaji mmoja alipoeleza mwenendo wa mshiriki mmoja wa kike, mwenyewe akasema la, sivyo ilivyokuwa, akatoa maelezo yake. Katika mabishano hayo watu walijifunza zaidi ya mchana kutwa, na usiku uliofuata wengi zaidi wakaja. Desturi ya kufunga mafunzo kwa kuwauliza washiriki wameona nini na wamehisi nini inapata nguvu zake nyingi kutoka katika vikao hivyo vya usiku. Lewin alifariki Februari 1947, kabla ya kuiona maabara ya mafunzo ambayo wanafunzi wake waliifungua kiangazi cha mwaka huo katika mji wa Bethel, jimbo la Maine.

Lakini mkondo wa kwanza ndio uliotufikia sisi kwa njia ya ajabu zaidi. Baada ya vita Wamarekani walioikalia Japani waliyapeleka huko mafunzo ya TWI, na mwaka 1951 mkufunzi wa Kimarekani Lowell Mellen aliwasili na wenzake kuwafundisha wakufunzi wa Kijapani. Kampuni ya Toyota iliyapokea mwaka huohuo na kuyafanya sehemu ya malezi ya wasimamizi wake, na katika nchi hiyo yakaungana na fikra nyingine, hata ukazaliwa mwenendo wa maboresho madogo ya kila siku uitwao kaizen. Marekani yenyewe ilikuwa imekwisha kuyasahau. Mwaka 2007 mwenendo huo, kwa msaada wa Wajapani, ulianza kutumika katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, ambako wauguzi na watumishi wa stoo walianza kwa zoezi la mikono: kutoa vyote vilivyomo katika chumba, kutenga vinavyohitajiwa na visivyohitajiwa, na kukipa kila kilichobaki mahali pake palipoandikwa. Kutoka huko ulienea katika hospitali nyingine nyingi za Tanzania. Muuguzi wa Mbeya aliyebandika lebo kwenye rafu na msimamizi wa Detroit aliyeshindwa kufunga fundo ni jamaa wa ukoo mmoja wa elimu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kuwa sisi tulikuwa wapokeaji tu. Mwaka 1973 Waziri Mkuu Rashidi Kawawa alitoa waraka uliowataka waajiri kutenga muda wa kazi kwa ajili ya elimu ya wafanyakazi, na mwaka huohuo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliongoza kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo kwa wingi wa watu na uchache wa gharama sijui mfano wake katika Afrika ya siku zile. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwa ngazi, waliofundishwa wakiwafundisha wengine, na takriban watu milioni 2 walikutana kila juma chini ya miti, mashuleni na katika majumba ya chama. Walisikiliza kipindi cha Radio Tanzania, mmoja akasoma kitabu kwa sauti, wakajadiliana, kisha, na hapa ndipo penye nguvu yake, hawakutawanyika mpaka wamekubaliana watatenda nini kabla ya mkutano ujao. Vyoo vilichimbwa, vichaka vikafyekwa, maji yakachemshwa. Kiongozi wa kikundi hakuhitaji kuwauliza watu kama wameelewa. Alipita nyumbani kwao akaona shimo.

Nikiitazama tarikhi hii mwanzo hata mwisho, naona kwamba tulichokirithi ni umbo la shughuli zile, na tulichokipoteza ni hatua zake mbili za mwisho. Makundi tunayo, visa tunavyo, maigizo tunayo, na makaratasi makubwa ya kubandika ukutani tunayo tele. Lakini semina ya watu 60 katika hoteli, ambamo 5 wanazungumza na 55 wanasikiliza, haina zamu ya kila mtu; na mkufunzi anayepanda gari Ijumaa jioni asirudi tena hana habari kama jambo alilofundisha limetendwa Jumatatu. Kane na wenzake wangeona kuwa mafunzo hayo yamekatizwa katikati, na wangeitupa lawama juu ya mwalimu, wala si juu ya mwanafunzi, kwa kuwa msingi wao ulikuwa kwamba mtu asiyejifunza hakufundishwa. Udhuru wa uhaba wa fedha hautoshi, maana kampeni ya mwaka 1973 ilifanywa na nchi maskini kuliko ilivyo leo.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wanaoandaa mafunzo katika ofisi, hospitali na viwanda vyetu: kabla ya kuchagua mchezo wa kuwachangamsha watu, chagueni kazi moja ya kweli ambayo kila mshiriki ataitenda kwa mikono yake mbele ya mwenzake, punguzeni idadi ya walioalikwa mpaka zamu zitoshe, na katika ratiba, chini ya kikao cha mwisho, andikeni tarehe ambayo mtakwenda kumtazama kila mmoja wao akiwa kazini kwake.